Aliyezisoma Kuta za Songo Mnara

Tanuu la chokaa halijengwi kwa pupa. Fundi hulaza magogo kwa mduara, safu juu ya safu, huacha tundu la kutilia moto katikati, kisha hupanga juu yake vipande vya matumbawe vilivyokwisha kukaushwa juani. Moto ukishika huachiwa ule mpaka ushibe. Kinachobaki ni kilima cheupe kinachosubiri maji. Aliyewahi kuitazama kazi hiyo katika pwani ya Kilwa, kisha akavuka kwa mashua kutoka kijiji cha Pande kwenda kisiwa cha Songo Mnara, hawezi tena kupita kando ya magofu yale kama mtu anayepita kando ya mawe. Kila konzi ya chokaa iliyozishika kuta hizo kwa miaka mia sita ilipita kwenye moto wa namna hiyo, na nyuma ya kila tanuu alikuwapo mtu aliyejua wakati wa kungoja.

Peter Garlake alikuwa mmoja wa wageni wachache waliokuja pwani hii wakiwa tayari kumtafuta mtu huyo.

Alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akasomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia katika akiolojia. Mwaka 1962 alikuja Afrika Mashariki akiwa mtafiti kijana. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikuwa akichimba Kilwa Kisiwani siku hizo, akitoa ardhini vigae, shanga na sarafu za masultani. Garlake alishughulika na kilichokuwa bado kimesimama. Alikwenda kutoka gofu hadi gofu katika pwani ya Kenya na Tanganyika, akipima misikiti, nyumba na makaburi, akichora ramani za vyumba na sura za milango. Kitabu chake, The Early Islamic Architecture of the East African Coast, kilitoka mwaka 1966. Ni kitabu cha michoro kuliko maneno, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Mwimo mmoja wa mlango unatosha kueleza kwa nini. Mafundi wa zamani hawakuchonga mapambo yao katika jiwe gumu la nchi kavu. Walitumia tumbawe hai, linalotolewa baharini likiwa bado bichi. Likiwa na maji hukatika kwa urahisi, mkono ukitulia unaweza kulitia mistari myembamba, mishipi ya kusuka na kingo kali. Likikauka hukaza, na kosa lililofanyika limekwisha kufanyika. Kwa hiyo fundi alikuwa akishindana na jua. Ilimbidi aje na sura nzima kichwani kabla ya kushika patasi, ajue ukingo utaingia kina gani na kona itageuka wapi, maana miimo miwili ya mlango mmoja lazima isemezane. Nyumba za Songo Mnara zilikuwa na milango ya namna hiyo, yenye vidaka vya taa kandokando, na mihrabu za misikiti yake zilijengwa kwa mawe yaliyochongwa vivyo hivyo.

Garlake alichora kingo hizo. Wengi wangeandika tu kwamba mlango una nakshi, wakaenda zao. Yeye alichukua umbo la kila mkunjo kama ambavyo lingeonekana jiwe likikatwa kwa msumeno, kisha akalilinganisha na la msikiti mwingine, na mwingine. Kutokana na kingo na matao alijaribu kupanga majengo kwa umri, ya mwanzo na yaliyofuata, katika pwani ambayo majengo yake mengi hayana maandishi ya tarehe.

Aliona pia mambo ambayo ni mjenzi tu huyaona. Vyumba vya Waswahili wa zamani ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wa urefu unaoweza kubeba mawe na chokaa bila kupinda. Mti wa matopeni, kama ile mikoko inayozunguka Pande mpaka leo, ndio uliompimia tajiri upana wa sebule yake.

Huko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya genge la Kilwa Kisiwani, kulikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Palikuwa pamejaa vifusi na vichaka. Mchoro wa Garlake uliliinua jumba lile tena, nyua zikafuatana, ngazi zikashuka kuelekea baharini. Hata leo anayetaka kuliona jumba la sultani huyo huanzia kwenye karatasi ile.

Hakuwa mtu asiyekosea. Kama wenzake wa wakati ule, alitazama sana Uarabuni kutafuta asili ya mitindo aliyoiona. Baadaye mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti na udongo iliyotangulia, na mizizi ya ujenzi huu ikaonekana kuwa imo humuhumu pwani. Lakini vipimo havikubatilika. Kuta alizozipima zilibaki kuwa kuta zilezile.

Uaminifu huohuo kwa jiwe ndio uliomponza. Mwaka 1964 alichukua kazi ya ukaguzi wa majengo ya kale huko Rhodesia. Serikali ya walowezi iliyojitangazia uhuru mwaka uliofuata haikupenda kusikia kwamba magofu ya Great Zimbabwe yalijengwa na Waafrika. Garlake alikuwa amezitazama kuta zile kwa jicho lilelile la Songo Mnara, na hakukubali kusema vingine. Mwaka 1970 aliiacha kazi na nchi. Mwaka 1973 kitabu chake juu ya Great Zimbabwe kilichapishwa. Alifanya utafiti Ife nchini Nigeria, akafundisha London, akarudi Zimbabwe ilipokuwa huru, akageukia michoro ya miambani. Alifariki Harare mwaka 2011.

Jina lake ni nadra kutajwa Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakaondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaokoa kwa chokaa. Chokaa, si saruji. Saruji hufungia chumvi na unyevu ndani ya tumbawe, na ukuta huoza ukiwa umevaa vazi jipya. Hata hivyo, katika pwani hii yote, msikiti wa kale ukipata mfadhili, kitu cha kwanza kuletwa ni mifuko ya saruji, na mihrabu iliyochongwa na mtu aliyekuwa akishindana na jua hupigwa lipu kwa nusu siku. Hakuna anayeipima kwanza. Simu hutolewa, picha hupigwa, nyuso zikiwa mbele na jiwe nyuma.

Mawe mengi yaliyochongwa yamechomolewa zamani, kwa magendo au kwa kutojali. Katika baadhi ya milango ya Songo Mnara kinachoonekana ni kitanda cha chokaa ambamo mwimo ulikuwa umelala, ukiwa na alama ya mgongo wa jiwe lililoondoka. Maji yakianza kujaa na nahodha wa mashua ya Pande akiita abiria wake, bado mtu anaweza kuingiza kiganja katika nafasi ile na kusikia mahali pembe ya jiwe ilipokuwa.