“Analojia Haidanganyi”: Nani Kasema?

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno “analojia” limegeuka kejeli. Mtu akichelewa kuelewa jambo anaambiwa bado yuko analojia. Kwenye meza za mafundi wa elektroniki ni kinyume kabisa. Mwambie fundi wa siku nyingi kwamba unatafuta osiloskopu, ile mashine inayochora volti kama mawimbi kwenye kioo, atakujibu bila kufikiri: chukua analojia, analojia haidanganyi.

Kauli hiyo niliibeba kutoka chuoni hadi Biharamulo, na huko ndiko iliponiangusha.

Tuitendee haki kwanza. Ndani ya analojia kuna bomba la kioo kama la TV ya chogo. Volti unayoipima inakuzwa, inavuta mwale wa elektroni juu na chini, na mwale unapogonga kioo panawaka. Katikati hakuna kompyuta. Dijitali inapima nukta baada ya nukta, kisha inaunganisha nukta hizo; kilichotokea kati ya nukta na nukta inakisia. Kwa hiyo ndiyo, analojia ina ukweli wake. Ila ni msahaulifu kupindukia.

Mwenye duka mmoja pale Biharamulo mjini alikuwa na friji inayotumia inveta na betri ya volti 12. Kila kompresa ikiwaka, inveta inapiga kelele na kujizima. Kila aliyepita alitoa hukumu moja, betri imekufa, na mwenyewe alikuwa ameshatenga hela ya mpya. Mita ya kawaida ilisoma volti 12.4, safi. Tukaleta analojia ya megahezi 20 ya fundi jirani. Kompresa ikawaka, mstari ukashtuka, ukarudi. Fundi akaniuliza, “Umeona?” Nimeona nini sasa? Tukio limekuja mara moja na limekwenda. Tulipotaka kurudia, umeme wa TANESCO ukakatika, na analojia yenyewe inataka soketi. Ngara jirani kuna mtambo wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, lakini siku hiyo sisi tulibaki tunatazama kioo cheusi.

Nikatoa DSO138, kile kidude cha kujiungia mwenyewe kwa risasi. Kinakula volti 9 na kama wati moja tu, hivyo betri ndogo zinatosha. Nikakitega kishike tukio moja na kuliganda. Kwenye vichwa vya betri, volti zilishuka hadi 11.9. Kwenye mlango wa inveta zilishuka hadi 9.8, kwa kama theluthi moja ya sekunde. Inveta ile inajizima chini ya 10.5. Betri haikuwa na kosa. Volti mbili zilikuwa zinapotea njiani, kwenye waya mwembamba na vifungio vyenye kutu. Tukabadilisha waya.

Usikimbilie dukani bado. Kidude hichohicho kinaona vizuri hadi kilohezi 200 tu, kikichukua sampuli milioni moja kwa sekunde. Nenda nacho kwa fundi redio. Redio ya AM hubadilisha mawimbi yote kuwa kilohezi 455 kabla ya kutoa sauti. Hapo kidude kinapata nukta mbili na kitu kwa kila wimbi, na kioo kitakuchorea wimbi linalovimba na kusinyaa ambalo ndani ya redio halipo. Ni kama tairi la basi kwenye video linavyoonekana kuzunguka kinyumenyume. Redio ya FM, tuseme ile inayonasa Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995, kwa kawaida hufanya kazi hiyo kwa megahezi 10.7. Analojia ile ya megahezi 20 inaiona. Kidude hakioni kitu cha maana. Kwa kazi hiyo fundi wa zamani alikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo swali la analojia au dijitali limeulizwa vibaya. Jiulize meza yako inapokea nini. Ni sola, inveta na betri? Dijitali ndogo, bila kusita. Ni redio kila siku? Analojia ya mtumba yenye megahezi 20 inakutosha, ukikubali uzito wake ndani ya basi. Ukiwa na uwezo wa dijitali kamili ya megahezi 50, kama Rigol DS1054Z, mjadala wote huu haukuhusu.

Aina zote zina hatari moja. Volti 230 za ukutani zikipita kwenye dayodi za chaja zinafika kama 325. Klipu ya probu kwenye osiloskopu ya soketi imeungwa na ethi. Ukiibana upande huo wa chaja unapiga shoti. Wapo wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi. Wanachofanya ni kuhamisha shoti kutoka kwenye klipu kwenda kwenye mkono wao. Kidude nacho mwisho wake ni volti 50.

Ukiamua kununua analojia ya mtumba, iache iwake nusu saa mbele ya muuzaji. Halafu gusisha probu kwenye kile kichomo kidogo cha mbele cha kujipimia, mara nyingi cha kilohezi 1. Pembe za mraba zikiwa butu, zungusha skrubu ya probu kwanza. Zikikataa kunyooka, funga mkoba.