Penseli kwa Saa, Biki kwa Watu

Bukavu haina treni, wala haijawahi kuwa nayo. Mtoto aliyekulia mtaa wetu wa Muhumba huijua honi ya boti ya Goma inapokaribia bandari, na huzijua taa za wavuvi wa sambaza zinapowaka ziwani usiku, lakini mlio wa treni huusikia kwenye filamu tu. Kuvuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, hatukuhesabu kuwa safari. Watu huenda kununua vitu na jioni wako nyumbani. Kwa hiyo nilipoamua, mwaka 2024, kwenda peke yangu hadi Dar es Salaam nikipita reli ya Kigoma, nilikuwa kama mtu anayejifunza kuogelea akiwa sebuleni. Nilianza kwa kutafuta bei, kumbe anayeijua reli huanza kwa kutafuta siku.

Aliyenirekebisha ni shangazi yangu. Kwa miaka mingi amefanya biashara ya vitenge kati ya Dar es Salaam na Bukavu, na pale kwetu watu humsifu kwa jicho lake la kuchagua nguo. Mimi nataka kumsifu kwa ufundi mwingine, ambao sijasikia mtu akiuita ufundi: kupanga safari. Fundi wa mbao hukuonyesha meza, fundi wa nguo hukuonyesha gauni. Mpangaji wa safari, kazi yake ikiwa nzuri, haonyeshi kitu. Umefika tu, na watu wanadhani ulikuwa na bahati.

Nilimpelekea mpango wangu jioni moja, tukakaa barazani, ziwa mbele yetu na vilima vya Rwanda ng'ambo. Nilikuwa nimeuandika vizuri kwa biki kwenye kaye ya karo: Bukavu, Kamanyola, Uvira, kuvuka mpaka Gatumba, kulala Bujumbura, asubuhi kushuka kandokando ya Tanganyika hadi mpaka wa Manyovu, kisha Kigoma, na jioni ileile kupanda treni. Kila mstari ulianza pale uliotangulia ulipoishia. Niliuona umekaza kama mkeka mpya.

Shangazi aliusoma kimya, kidole chake kikitembea mstari kwa mstari. Kilipofika Manyovu kikasimama.

"Mwanangu, saa moja hii umeitupa wapi?"

Sikumwelewa. Akanikumbusha kwamba Bukavu, Uvira na Bujumbura tunatumia saa moja, lakini Tanzania iko mbele yetu kwa saa nzima. Ukipigiwa muhuri Manyovu saa nane mchana kwa saa yako, Kigoma tayari ni saa tisa. Hujachelewa na hujakosea njia, lakini saa moja imekutoka mfukoni. Akahesabu na mihuri: kutoka Congo, kuingia Burundi, kutoka Burundi, kuingia Tanzania. Mihuri minne, na kila mmoja una foleni yake. Mkeka wangu ukafumuka wote pale barazani.

"Na hapa je," akaniuliza, kidole kikiwa juu ya Kigoma, "treni ikikuacha, utalala fasi gani?"

Akachana ukurasa mpya, akachora mistari minne. Safu ya kwanza ilikuwa ya mahali, ya pili ya saa ya kufika, ya tatu ya saa ya kuondoka. Ya nne, iliyokuwa pana kuliko zote, akaiita *nafasi*. Kisha akanipa penseli badala ya biki. Saa zote aliniagiza niziandike kwa penseli, kwa sababu zitafutwa. Biki ilikuwa ya majina ya watu na namba zao za simu: mwenye nyumba ya wageni Kigoma, mama anayeuza vitenge Tabora, binamu wa jirani yetu Dodoma.

Halafu akanifundisha kuanzia mwisho. Treni ndiyo msumari, alisema. Basi na teksi huondoka zikijaa, lakini treni ya Kigoma haitoki kila siku, na ikitoka imetoka. Kwa hiyo unapigilia kwanza kile kisichosogea, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni kwako. Tulirudi nyuma hivyo hadi tukagundua kwamba ni lazima niondoke Muhumba siku mbili kabla ya ile niliyokuwa nimeiandika.

Baadaye nilielewa kwamba shangazi alikuwa ananifundisha kitu ambacho historia ya reli za huku imeandika kwa chuma: safari huvunjika kwenye viungo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, zaidi ya kilomita 1,200, kwa jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanaitaka. Mwaka uliofuata reli ya Wabelgiji nayo ikafika Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Reli mbili zikatazamana juu ya maji. Lakini leo, hata ziwa lingekauka, behewa lisingepita: upana wa reli ya Kigoma ni milimita 1,000, wa ile ya Kalemie ni 1,067. Tofauti haifiki hata vidole vinne, lakini inatosha kumfanya kila msafiri ashuke na mzigo wake.

Sisi wa Bukavu tuna kiungo chetu kilichovunjika. Enzi za Wabelgiji palikuwa na reli ndogo kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, iliyopita bonde la Ruzizi ikiwa na nia ya kulifungua Ziwa Kivu. Iliishia Kamanyola, chini ya milima. Haikupanda mwinuko wa Ngomo, na mwishowe iling'olewa. Ajabu ni kwamba sambaza tunaowala kila siku walitoka Tanganyika wakaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki alikamilisha safari iliyoishinda treni.

Lakini Ziwa Tanganyika limeona pia kiungo kilichopangwa vema. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikapanda treni na kuungwa upya Kigoma, ambako iliteremshwa majini mwaka 1915. Nia ya Wajerumani ilikuwa vita na utawala, na hilo silisifu. Ninayemsifu ni yule aliyekaa na karatasi akajua ni kipande gani kitahitajika mwanzo na kipi mwisho. Huyo na shangazi yangu wangeelewana.

Niliondoka Muhumba Septemba, alfajiri, ukurasa ule nikiwa nimeukunja ndani ya paspoti pamoja na kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Barabara ya Ngomo ilitutikisa hadi Kamanyola, kisha bonde likafunguka. Burundi mwaka ule mafuta yalikuwa adimu, na kusini mwa Bujumbura gari letu likakaa kwenye foleni ya kituo cha mafuta kuanzia asubuhi hadi jua likaanza kushuka. Abiria walilalamika, dereva akanyamaza. Mimi nilitoa karatasi yangu, nikafuta saa tatu zilizoandikwa kwa penseli, nikaandika mpya. Safu ya nne ilikuwa bado na siku nzima ndani yake. Sijawahi kuhisi utajiri kama ule: watu wote garini walikuwa wamechelewa, mimi sijachelewa.

Kigoma nililala usiku wa akiba ambao mwanzoni nilidhani ni kupoteza pesa. Mwenye nyumba ya wageni, yule wa biki, alinipeleka asubuhi kuiona stesheni, ili jioni yake nisiitafute nikiwa na mizigo. Treni ilipoondoka nilikuwa nimekaa, nimekula, na chupa ya maji iko karibu. Tulipita Uvinza kwenye chumvi, tukafika Tabora, ambako reli ya Mwanza inajiunga na yetu; wanawake wakainua chupa za asali hadi madirishani. Mama wa vitenge akaja na mfuko wa chakula, akanitafuta behewa kwa behewa akiita jina la shangazi, maana langu hakulijua.

Dodoma kilikuwa kiungo cha mwisho. Treni ya umeme ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai mwaka ule. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo hapo pia lazima ushuke, ubebe mzigo, ukapande nyingine. Treni yetu ya zamani iliingia ikiwa imechelewa sana, lakini nilikuwa nimekata tikiti ya SGR ya siku iliyofuata, kwa amri ya shangazi. Nililala kwa binamu wa jirani. Kesho yake, njia ambayo treni ya zamani huihangaikia usiku mzima niliimaliza kwa muda usiofika nusu siku, na madirisha hayafunguki, na hakuna asali.

Niliporudi Muhumba nilimwonyesha shangazi karatasi. Saa zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hata karo hazionekani. Mahali pengine karatasi ilitoboka. Majina ya biki yalikuwa yote, na chini yake nilikuwa nimeongeza mengine matano. Shangazi alizipita saa bila kuzisoma. Alisoma majina, moja baada ya jingine, akauliza mama wa Tabora mguu wake unaendeleaje, kisha akafungua kaye yake na kuanza kuyanakili, kwa biki.