Mandolini za Nagoya

Pindua mandolini ya zamani ya kampuni ya Suzuki ya Nagoya, Japani, utazame mgongo wake kabla hujagusa waya. Vipande vyembamba vya mbao, kila kimoja kimepindwa kwa moto na kuchongwa kikachongoka ncha zote mbili, vimegandishwa ubavu kwa ubavu hadi vikawa bakuli. Kosa dogo katika kipande kimoja huhamia kwa jirani yake. Hapo ndipo fundi hupimwa, na mafundi wa Nagoya nawapa heko.

Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Masakichi Suzuki, alianza na fidla mwaka 1887, kisha akajenga kiwanda kilichotumia mashine kwa kazi nzito. Mandolini ilimfaa: nyuzi zake nane, mbili mbili, hufungwa kwa sauti zilezile nne za fidla. Ubao wa juu, wa jamii ya msonobari, umekunjwa kidogo nyuma ya daraja ili uhimili mvuto wa waya. Ni mtindo wa Napoli, Italia, lakini usafi wa maungio ni wa Kijapani. (Nagoya hiyohiyo ilizaa ala ya nyuzi iitwayo taishokoto mwaka 1912, ambayo wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanaijua vizuri.)

Sauti ya mandolini ya Suzuki si kubwa. Ni kavu, safi, yenye mlio wa haraka. Mimi naipenda kuliko nyingi mpya zinazong'aa.

Ukiipata inauzwa, chungulia shingo kama imepinda, kagua nyufa, na ufunge waya nyepesi tu. Waya nzito zinaweza kuivunja.