Mwana Kupona na mzazi wa Lumumba: tunasomesha binti juu ya nini?

Kila mwaka, tarehe 8 ya mwezi wa tatu, mama zetu wa Bunia wanavaa vikwembe vya sare na kutembea nyuma ya kitambaa chenye maneno tuliyoyazoea: ukifundisha mwanamke, umefundisha taifa. Sisi waalimu tumeyasema mara nyingi, mu mikutano ya wazazi na mbele ya wanafunzi. Tuliyasema pia kwa mzazi mmoja wa hapa kwetu kartiye Lumumba, aliyekuja kutupasha habari kwamba binti yake hatarudi masomoni. Shule ya msingi haikumlipisha, maana tangu 2019 zile za serikali ni za bure. Lakini sekondari iliomba feza, na nyumbani kulikuwa vijana wawili wanaongojea zamu yao. Alitusikiliza kwa heshima mpaka tukamaliza, halafu akajibu: "Mwalimu, ile taifa unasema iko ya bwana yake. Acha basi bwana yake alipe."

Tulikosa la kusema. Tulirudi nyumbani na kasirani kidogo, tukimwita mtu wa zamani. Kisha tukaona kwamba mzee hakuwa mjinga hata kidogo. Alichukua hoja yetu wenyewe akaifuata mpaka mwisho wake. Kama binti anasoma kwa faida ya wale atakaowatumikia, basi wale ndio wenye deni, na baba ana haki ya kuhesabu. Ubaya ulikuwa ndani ya hoja.

Wengine katika chama chetu wanapenda kusema kwamba kusomesha wanawake ni jambo la wazungu, desturi yetu haikulijua. Hao tunawaomba wasome utendi wa Mwana Kupona. Huyu mama wa Pate, bibi ya Bwana Mataka mtawala wa Siyu aliyepigana na masultani wa Zanzibar, aliutunga mwaka 1858. Stanley alipita msitu wa Ituri mwaka 1887, karibu miaka thelathini nyuma yake. Bwana Mataka alikuwa amekwisha kufa, na Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje na karatasi na wino, apokee wosia.

Tusimpambe. Wosia wenyewe, mbali na dini, ukweli na adabu kwa watu, ni utii kwa bwana. Bibi amtunze bwana kwa manukato na nyumba safi, asimwamshe akilala, aombe ruhusa kabla ya kutoka nje. Hata siku ya kiama neno la bwana ndilo linaamua bibi aende wapi. Mwenye kutaka kuzuia binti asisome atapata humo beti nyingi za kujitetea, na tumewasikia wakizitumia.

Lakini kuna mahali ambapo mama huyu anashauri bwana atunzwe sawa mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Tulipolisoma katika darasa la sita la ualimu, wasichana walicheka, wavulana wakanyamaza. Anayetunzwa kama mtoto ni nani mkubwa ndani ya nyumba? Sisi hatusemi kwamba Mwana Kupona alikuwa anamchekelea bwana kwa siri. Wako wasomi wanaosoma hivyo, nasi tunaona wanavuta kamba mbali kidogo. Tunasema tu kwamba anayeongea humo ana akili inayopima watu, bwana akiwa mmoja wao. Na karibu na mwisho anawaita wanawake wote wasome utendi wake na waelewe maana. Wasome! Mtu haiti watu wasome kama hakuna wanaojua kusoma. Wahariri waliochapa utendi huo Uingereza mwaka 1934 waliupa jina la mashauri juu ya wajibu wa bibi kwa bwana. Jina hilo limefunika hiyo sehemu ya mwisho, na mpaka leo wengi wanajua jina kuliko beti.

Kosa lake kwetu ni lingine, na binti mmoja wa darasa aliliona kabla yetu. Aliuliza: "Kama yeye alijua kuandika, mbona hakumwambia binti yake aandike?" Ni kweli. Wosia umejaa kazi za Mwana Hashima kwa wengine, na kalamu, ambayo ndiyo iliyomfanya mama aweze kusema na watu ambao hatawaona, haikuhesabiwa kuwa urithi.

Miaka 66 mbele ya utendi huo, mwaka 1792, Mwingereza Mary Wollstonecraft aliandika kitabu chake cha kutetea haki za mwanamke. Alikuwa anamjibu Rousseau, aliyetaka Sophie wa kitabu cha Émile alelewe ili ampendeze mwanaume, na Talleyrand, ambaye mwaka 1791 alipeleka kwa wabunge wa Ufaransa mpango wa shule ulioacha wasichana wakubwa nyumbani. Yeye naye alitumia hoja ya kitambaa chetu: mwanamke aliyesoma atakuwa mama bora na mwenzi bora. Aliirudia hata inachosha. Lakini aliweka kitu mbele yake: kazi ya kwanza ya mwanamke ni kwake mwenyewe kama kiumbe mwenye akili, kisha kama raia, na umama unafuata humo. Kwa mpango huo, hata binti asiyeolewa, hata tasa, hata mjane, ana haki ya shule. Hoja yetu ya taifa haiwajui watu hao watatu.

Kwetu Kongo hoja ya mama bora haikubaki maneno. Wabelji waliijengea shule. Wasichana wachache waliosoma walifundishwa hasa kushona, kupika, kulea mtoto, au kuwa waalimu wa wadogo. Na neno foyer lingali linatukumbusha vyerehani. Sophie Kanza alimaliza sekondari mwaka 1961, mwanamke wa kwanza Mkongomani kufanya hivyo. Akapata diploma ya Lovanium mwaka 1964, akawa waziri mwaka 1966. Kwa nchi kubwa namna hii, hesabu hiyo ni ya haya. Na kartiye yetu inaitwa Lumumba, lakini tukiuliza wanafunzi nani alikuwa Andrée Blouin, wanatuangalia tu. Mama huyu, aliyefanya kazi ya protokoli katika serikali ya Lumumba mwaka 1960, alikuwa ameongoza chama cha wanawake kilichoweka kusoma na kuandika kati ya malengo yake.

Sheria nayo ilifuata njia ya mama bora. Miaka 129 baada ya Mwana Kupona kushauri ruhusa ya kutoka nyumbani, Sheria ya Jamaa ya 1987 ilisema, katika kifungu cha 444, bibi anapaswa kumtii bwana, na katika cha 448, anahitaji ruhusa yake kufanya mapatano ya kisheria. Mwenye diploma aliitafuta kazi akiwa na saini ya bwana mkononi. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016.

Na sisi wenyewe? Tumesikia wazazi wakisema diploma ya serikali inaongeza ng'ombe za mahari, na tumefurahi, juu binti amebaki shuleni. Tumefanya vibaya kufurahi. Baba anayehesabu ng'ombe anamtoa binti mara moja akipata mwenye kuzitoa kabla ya diploma.

Kwa mzee wa Lumumba tungepaswa kusema: lipa kwa sababu anafikiri, na ulimzaa wewe, si bwana yake. Angecheka, labda angekataa. Lakini angekosa mtu mwingine wa kumtupia deni.

Tunakutana naye sokoni, tunasalimiana vizuri. Binti anauza nyanya karibu na mama yake. Hesabu ya wateja anaiandika mu daftari ya shule ambayo haikuisha kurasa.