parseInt inakata makuta ya watu kimya-kimya

Ndugu wasomi, andikeni elfu ishirini na tano franka kwa tarakimu. Mmoja ataacha nafasi, 25 000, vile tulivyofundishwa katika masomo ya Kifaransa. Mwengine ataweka nukta: 25.000. Ku soko hakuna mtu anayepotea. Sasa muipe parseInt ya JavaScript ile maandishi, iigeuze kuwa namba kamili. Nafasi ao nukta, itawarudishia 25. Haisemi kosa, programu inaendelea na kazi.

Wengi wanasema iko na kasoro ndani. Hapana, inafanya kile iliandikiwa: inasoma kutoka kushoto, ikifika kwenye alama haielewi inasimama, inarudisha yenye imesha kusoma. Njo maana "12abc" inatoa 12. Kwa kusoma vipimo kama "14px" siilaumu, inasaidia kweli. Lawama yangu ni hii: "nimesoma yote" na "nimesoma nusu" ni majibu mbili tofauti, na yeye anazitoa kwa sura moja. Fikiria programu ya likelemba, kazi ambayo wanafunzi wengi wanaweza kuchagua kwa memwari. Mama ametoa 25.000, daftari inaandika 25. Mwandishi wa likelemba mwenye kalamu angeuliza, "Mama, ni makumi ao ni maelfu?" Mashine haiulizi.

Kuko wenye kusema tutumie Number. Sawa, "25 000" itaikataa kwa kutoa NaN. Lakini "25.000" inaona tena 25, na pahali mtu hakujaza kitu inaweka 0. Kutokujibu na kulipa sifuri, tangu lini ni kitu kimoja? Na atoi ya lugha ya C, mzee wao, inatoa 0 kwa "0" na 0 kwa "embe".

Mimi naipenda int ya Python. Inaruhusu nafasi za pembeni, lakini "25 000" na "25.000" inazikataa zote mbili, inasimamisha programu kwa ValueError. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaichukia juu inawaangusha mbele ya mwalimu. Halafu naona dawa yenye wanaazimana: wanalikamata lile kosa na try, kisha chini wanarudisha 0. Basi wamejenga atoi upya kwa mikono yao!

Kazi ya kweli iko mbele ya kugeuza. Uamue maandishi gani unakubali, usafishe, uhakikishe zimebaki tarakimu tupu, ndipo ugeuze. Na kusafisha kwenyewe kuko na mitego. Mu JavaScript, replace(" ", "") inaondoa nafasi ya kwanza tu: "1 250 000" inabaki "1250 000", parseInt inasoma 1250. Tena, pesa iliyopangwa na kompyuta kwa mtindo wa Kifaransa inaweza kuwa na nafasi nyembamba, yenye jicho haliitofautishi na ya kawaida lakini kwa mashine ni herufi ingine kabisa. Utumie /\s/g, yenyewe inashika zote.

Na namba ya simu, ile yenye kuanza na 099, tafadhali usiigeuze hata kidogo. Hakuna mwenye atajumlisha simu mbili, na sifuri ya mbele ikianguka, haumpati tena mwenyewe.