Ukungu, Kuvu na Kawa: Kasoro za Tafsiri Moja ya Usafi wa Nyumba

Karatasi ya maelekezo tuliyoisoma mlangoni mwa bafu la nyumba moja ya wageni huko Mungaa, mkoani Singida, ina mistari michache tu, lakini imetufikirisha mno. Kichwa chake ni “Kuondoa Ukungu Ukutani”. Mhudumu, msemaji wa Kinyaturu, alitueleza kuwa alidhani anaagizwa kupangusa mvuke wa maji moto. Hatumlaumu. Ukungu kwa watu wengi ni ule unaofunika mashamba alfajiri. Ni kweli kwamba neno hilo hutaja pia uotaji mweusi wa mahali penye unyevu, lakini bafuni maana zote mbili hukutana: mvuke hutangulia, uotaji hufuata.

Mfasiri angeweza kuchagua neno gani? Kawa ni madoa ya nguo iliyokunjwa mbichi. Koga lingefaa, ila bafuni ndimo watu wanamokoga, na hapo mzaha haukawii. Fangasi, katika mazungumzo ya kila siku, ni ugonjwa wa ngozi na vidole vya miguu. Sisi tunapendelea kuvu. Wanabiolojia wamelipanua neno hili likajumuisha hata uyoga na hamira, na sumukuvu imezoeleka zaidi hasa baada ya 2016, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. “Kuvu ya ukutani” haina utata.

Kasoro hiyo ni ndogo ikilinganishwa na inayofuata. Karatasi inaagiza: “Sugua kwa jiki pamoja na siki.” Matini ya Kiingereza, iliyochapwa upande wa pili, inataja dawa mbili ambazo kila moja yaweza kutumiwa peke yake. Mfasiri amefuata umbo la maneno, akaunganisha vilivyotenganishwa. Jiki ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma macho na mapafu. Katika bafu lenye kidirisha kimoja mtu aweza kudhurika vibaya. “Au” ingetosha. Mhakiki aliyeipitisha karatasi hii, kama alikuwapo, hakujiuliza msomaji atafanya nini baada ya kusoma.

Tena imeandikwa kuwa madoa yakitoweka kuvu “imekufa”. Hapa kitenzi kinadanganya. Saruji nyeupe inayojazwa baina ya vigae ina vitundu vidogo. Dawa hung'arisha juu, nyuzi za kuvu zikabaki ndani, na baada ya majuma machache weusi hurudi. Mungaa ni nchi kavu, mvua hukoma yapata Aprili au Mei, hivyo kuvu inayoonekana Agosti imelelewa na bafu lenyewe. Agizo lililostahili kutangulia ni kufungua dirisha, kukausha ukuta baada ya kuoga, na kukwangua saruji iliyooza ili ijazwe upya. Karatasi imeliweka mwisho, kwa herufi ndogo.

Limebaki jina la saruji hiyo. Karatasi inaiita “uji wa vigae”. Mhudumu alicheka alipotusomea, nasi tukacheka pia. Tunapendekeza “saruji ya viungo”, hadi mafundi watakapotupa lililo bora.