Pongezi kwa Wachanjaji wa Mbwa wa Mara

Kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi vinavyopita katika neva mpaka vikafika kwenye ubongo, hauna tiba dalili zikishajitokeza, ingawa huzuilika kabisa aliyeng'atwa akiosha jeraha mara moja kwa maji na sabuni na kuwahi chanjo. Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, ambako mbwa ni mlinzi wa boma na mwandani wa wachungaji, vita dhidi ya ugonjwa huo vimebebwa na maafisa mifugo na wachanjaji, ambao sifa zao hazijatangazwa inavyostahili.

Tangu mwaka 2002 watafiti wilayani Serengeti wamefuatilia, nyumba kwa nyumba, nani aling'atwa na mnyama yupi, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ukaonyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani wasiofika wawili, hivyo kuchanja asilimia 70 ya mbwa hutosha kuukata uambukizaji. Kikwazo kilikuwa mnyororo wa baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye ubaridi tangu kiwandani hadi kijijini. Mwaka 2016 ilithibitishwa kuwa chanjo moja ya mbwa hubaki na nguvu kwa miezi sita katika nyuzijoto 25, na ndipo kikabuniwa chombo cha udongo kinachopoa kwa mvuke wa maji bila umeme, ubunifu wa kuheshimiwa sana, kwani unamwezesha mchanjaji wa mkoani Mara kuchanja mwaka mzima, hata watoto wa mbwa waliozaliwa baada ya kampeni kupita.